Mwenye Akili Zake Ndiye Atakayeulizwa

Yako mambo ambayo mtu akiyanyamazia kwa muda mrefu humgeukia donda ndugu. Hili ninaloliandika hapa nimelinyamazia tangu mwaka 1991. Nililinyamazia nikiwa mzee wa kanisa, nikalinyamazia nilipostaafu ualimu, na ningeweza kuingia nalo kaburini bila mtu kuniuliza. Lakini naona uzee una haki yake moja, nayo ni kusema kweli bila kuogopa kunyimwa cheo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, naomba univumilie, hata kama utafika mwisho wa sura hii ukiwa umenikasirikia.

Nasema hivi: kanisa linapomnyima maziko ya Kikristo mtu aliyejiua akiwa mgonjwa wa akili, halilindi utakatifu wa Mungu. Linajikalisha katika kiti kisicho chake, na linatoa hukumu ambayo hata mahakama ya Serikali, yenye polisi na jela, ingeona haya kuitoa kwa haraka namna hiyo.

Katika kijiji chetu, juu katika milima ya Usambara, palikuwa na mwalimu niliyefundisha naye shule moja ya msingi kwa miaka 11. Jina lake silitaji, maana watoto wake wako hai nao wana watoto. Nitamwita Mwalimu, basi. Usharika wetu nao siutaji, wala mchungaji wa wakati ule. Si shabaha yangu kumwaibisha mtu. Kama ni aibu, ya kwangu yatosha.

Mwalimu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Aliisuka ile kwaya kutoka katika kundi la vijana wasiojua kutofautisha sauti ya kwanza na ya tatu, hata tukawa tunaalikwa mbali kwenda kuimba. Mwishoni mwa mwaka 1990 akaanza kukosa usingizi. Alikuwa akija shuleni macho mekundu, anaandika tarehe ubaoni, kisha anaifuta na kuiandika upya mara nne, mara tano. Katika mazoezi ya kwaya alikuwa akisimama katikati ya wimbo, mkono uko juu, na mkono haushuki. Akagawa kuku wake wote kwa majirani. Akaanza kusema kwamba Mungu amelifuta jina lake, na kwamba alijua siku na saa lilipofutwa.

Sisi wazee tulikwenda kumwona. Tulikwenda mara tatu. Mara zote tulimsomea Maandiko na kumhimiza atubu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema twende naye hospitali. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika milima hiyohiyo yetu iko Lutindi, mahali palipoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa pa kuwatunzia wagonjwa wa akili. Wageni walivuka bahari kuja kumtunza mgonjwa wa aina ya Mwalimu, nasi majirani tulishindwa kumpandisha kwenye gari. Katika ziara ya mwisho aliniambia, "Mwalimu mwenzangu, ninyi mkisali mnamsikia mtu upande wa pili. Mimi nasikia ukuta." Nilimjibu kwamba ukuta huo ni dhambi aliyoificha. Hilo ndilo jibu nililompa rafiki yangu.

Mwezi Mei 1991, masika yakiwa bado yananyesha, Mwalimu alijiua.

Baraza la wazee lilikutana usiku uleule. Tulikuwa 9. Mchungaji akatukumbusha desturi: aliyejiua haingizwi kanisani, hapigiwi kengele, haimbiwi na kwaya, na mtumishi wa kanisa haendi kaburini na joho. Akauliza nani anaafiki. Tukanyosha mikono 8. Wa tisa, mzee mmoja asiyejua kusoma wala kuandika, aliinamisha kichwa tu. Wangu ulikuwa miongoni mwa ile 8.

Tulimzika saa kumi jioni, ukingoni mwa shamba, chini ya migomba. Wanakwaya walikuja wote, wakasimama kwa safu zao kama alivyowazoeza, vinywa vimefungwa, kwa maana walikuwa wamekatazwa. Udongo ulipoanza kuteremshwa mama yake akaanza kuimba peke yake, sauti ya kizee imekauka. Aliimba ule wimbo wa chemchemi ya damu ya Imanueli, ambao sisi sote tumeuimba tangu utoto. Hakuna aliyemwitikia. Aliuimba hadi mwisho.

Miaka mingi baadaye, nikisoma habari za watunga nyimbo, ndipo nilipojua ule wimbo ulitungwa na nani. Aliyeutunga ni William Cowper, mshairi wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1731 na kufa mwaka 1800. Mtu huyu aliugua akili karibu maisha yake yote. Mwaka 1763 alijaribu kujiua zaidi ya mara moja, akapelekwa kwa daktari aliyetunza wagonjwa wa akili mjini St Albans, na humo ndimo alimopata nafuu na kuamini. Kisha akawa rafiki wa mchungaji John Newton, wakatunga pamoja kitabu cha nyimbo kilichochapishwa mwaka 1779. Lakini kabla hakijachapishwa, mwaka 1773, ugonjwa ulimrudia. Akasadiki kwamba Mungu amemhukumu yeye binafsi, akaacha kwenda kanisani, na imani hiyo ya kwamba amepotea hakuachana nayo kabisa mpaka kufa.

Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji, kisha umkumbuke Mwalimu na jina lake lililofutwa. Ni ugonjwa uleule, hata maneno yake yanafanana. Sisi tuliona vema kuimba kila Jumapili wimbo wa mgonjwa mmoja, na tukaona haramu kumwimbia wimbo huohuo mgonjwa mwingine. Tofauti ni kwamba Cowper alikuwa na marafiki waliokaa naye nyumbani, wakamlinda usiku na mchana. Mwalimu alikuwa na sisi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: "Mzee, huruma ni nzuri, lakini mafundisho ni mafundisho. Kanisa tangu zamani limesema kujiua ni dhambi." Basi na tuyatazame hayo mafundisho ya zamani, maana wengi wanaoyataja hawajayasoma.

Anayetajwa kwanza siku zote ni Agostino, askofu wa Hipo, na kitabu chake cha Mji wa Mungu. Ni kweli, alifundisha kwamba amri ya kutokuua inamlinda mtu hata dhidi ya mkono wake mwenyewe. Lakini aliyasema hayo katika shauri gani? Mji wa Roma ulikuwa umetekwa mwaka 410, na wanawake wengi Wakristo walikuwa wamenajisiwa na askari. Watu wakawa wanawacheka wale ambao hawakujiua kukwepa aibu. Agostino akaandika kuwatetea. Hoja yake ilikuwa kwamba usafi wa mtu unakaa katika nia yake. Lililotendwa mwilini pasipo ridhaa ya nia halimtii mtu hatiani. Na hata kwa wale wachache waliojiua kwa hofu ya kunajisiwa, alisema mwenye utu hawezi kukataa kuwasamehe. Hicho ndicho kitabu wanachotumia kufungia mlango wa kanisa! Wamechukua hitimisho na kuuacha msingi. Kama hatia inafuata nia, basi swali la kwanza mbele ya jeneza la mgonjwa wa akili lilikuwa hili: nia yake ilikuwa wapi? Usiku ule wa Mei swali hilo halikuulizwa.

Wa pili ni Tomaso wa Akwino, wa karne ya 13. Naye alikaza sana kwamba kujiua ni kosa. Lakini mtu huyohuyo alifundisha kwamba pasipo akili na hiari hakuna dhambi. Kwamba mhemko ukiiondoa akili yote, unaondoa na dhambi yote, isipokuwa pale mtu alipojiletea mwenyewe hali hiyo. Na ukiiondoa akili nusu, hatia nayo haiondoki yote. Aidha, alisema kwamba mtu aliyekuwa na ibada alipokuwa mzima, kisha akarukwa na akili, asinyimwe sakramenti saa ya kufa. Wazee wa zamani walijua kupima. Sisi tulikuwa na jiwe moja tu la mizani, nalo tulimtupia kila mtu.

Nisiseme uongo: katika historia yetu lipo pia lile giza. Mtaguso wa Braga, katika karne ya 6, uliamuru waliojiua wasiimbiwe zaburi. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kiliweka masharti kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa aliyejiua. Huko Uingereza walikuwa wakiwazika katika njia panda, wakiwapigilia mti mwilini, mpaka sheria ya mwaka 1823 ilipokomesha jambo hilo. Lakini hata katika ukatili ule, baraza la uchunguzi lilipoona kwamba marehemu alikuwa amepungukiwa na akili, lilitamka hivyo, naye akazikwa kama watu wengine. Kanisa Katoliki, katika sheria zake za mwaka 1917, lilimnyima maziko aliyejiua kwa kukusudia. Katika sheria za mwaka 1983 kundi hilo halimo tena. Na Katekisimu yao iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha kwamba maradhi makubwa ya nafsi, uchungu au hofu kubwa hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Mwaka mmoja tu baada ya sisi kumzika Mwalimu chini ya migomba! Majirani zetu tuliokuwa tukiwasema kwamba wanashika sheria kuliko neema, walitutangulia katika neema.

Naye Martin Luther, ambaye picha yake ilikuwa ukutani mwa ofisi tuliyokutania usiku ule? Katika mazungumzo yake ya mezani alisema hakuwa tayari kuwahesabu wote waliojiua kuwa wamepotea. Aliwafananisha na mtu aliyeuawa na wanyang'anyi porini. Aliongeza, ni kweli, kwamba jambo hili lisitangazwe ovyo kwa watu, shetani asije akapata mwanya. Onyo hilo nitalirudia. Lakini utazame kwanza huo mfano wake. Nani aliyeua? Mnyang'anyi. Nani aliyekufa? Msafiri. Je, msafiri aliyeuawa na wanyang'anyi twamzika bila kengele?

Nitaambiwa tena: "Achana na wanadamu, tuletee Biblia." Vema. Biblia inataja watu waliojiua, wala si mmoja. Ahithofeli alimsaliti Daudi, shauri lake lilipokataliwa akaenda nyumbani akajinyonga, naye akazikwa katika kaburi la baba yake (2 Samweli 17). Hakuwa mgonjwa, alikuwa msaliti. Hata hivyo hakuzikwa ukingoni mwa shamba. Sauli alisumbuliwa na roho mbaya miaka mingi, mwisho akauangukia upanga wake mwenyewe. Mashujaa wa Yabesh-gileadi walitembea usiku kucha, wakautoa mwili wake ukutani kwa Wafilisti, wakaizika mifupa yake na kufunga siku 7 (1 Samweli 31). Daudi alipopata habari aliwatumia ujumbe wa kuwabariki kwa wema ule (2 Samweli 2). Samsoni alikufa kwa kutaka mwenyewe, nao ndugu zake wakaja kumchukua wakamzika kwa baba yake. Nimesoma sana, na sijaona mahali popote katika Maandiko ambapo watu wa Mungu wanaamriwa kumnyima mtu wa namna hiyo wimbo. Tulitunga desturi, tukaiita Neno.

Na wale waliotamani kufa? Elia aliomba afe, chini ya mretemu. Mungu hakumhutubia. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, akampa usingizi tena, ndipo baadaye sana akazungumza naye kwa sauti ndogo (1 Wafalme 19). Ayubu na Yeremia waliilaani siku ya kuzaliwa kwao. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, nayo imo katika kitabu cha sala. Tungalikuwa sisi wazee 9 chini ya ule mretemu, tungemwambia Elia atubu.

Lipo kundi jingine ninalotaka kupambana nalo, nalo siku hizi lina nguvu kuliko baraza letu la zamani. Ni hawa wasemao kwamba ugonjwa wa akili si ugonjwa, ni mapepo matupu, au ni uhaba wa imani. Wanawafungisha wagonjwa siku nyingi bila chakula, wanawaambia watupe vidonge vya hospitali ili kuonyesha imani. Sitaki kubishana nao kama mapepo yapo. Mimi nayasoma katika Injili kama wao. Nataka tu wachague. Kama ni pepo aliyetenda, basi mtu yule hakutenda, na kumlaumu ni dhuluma. Kama ni mtu mwenyewe aliyetenda kwa hiari, basi acheni kukemea pepo. Haiwezekani kumfukuza pepo asubuhi na kumtia hatiani mgonjwa jioni kwa neno lilelile. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini akijikatakata kwa mawe, Bwana Yesu hakumwuliza orodha ya dhambi zake. Alipopata akili zake alikutwa ameketi, amevaa nguo. Mtu alikuwa amemvika. Ni nani katika mikutano yetu ya maombezi anayekumbuka nguo, chakula na usingizi?

Na yule anayeambiwa hana imani ya kutosha, mbona hatumwambii hivyo mwenye kisukari? Mbona mchungaji mwenyewe anavaa miwani? Ubongo ni kiungo cha mwili kama figo na macho. Umeingia katika anguko la mwanadamu kama viungo vingine, na utafufuliwa kama viungo vingine.

Nimetaja mahakama hapo mwanzo; sasa nieleze. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya nchi yetu inasema mtu hawajibiki kwa jinai kama, wakati wa kutenda, maradhi ya akili yalimfanya asiweze kuelewa alitendalo au kujua kwamba halimpasi kulitenda. Likizuka shaka, daktari huitwa. Kuna mtuhumiwa wa kuua ambaye hupelekwa Dodoma kupimwa akili kabla kesi haijasikilizwa. Hivyo ndivyo Serikali inavyofanya, nayo haijidai kuwa na rehema. Sisi wenye kuhubiri rehema tulimaliza kesi ya Mwalimu kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai, bila daktari, bila shahidi, bila mkewe kuulizwa alilalaje usiku ule. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Mahakimu wanatembea, na sisi bado tumekaa.

Sasa nifike kwenye pingamizi ambalo ni zito kweli, nalo nililikuta moyoni mwangu mwenyewe. Linasema: "Mkiwazika kwa heshima, mtawafungulia wengine njia. Hofu ya kunyimwa maziko imewazuia wengi." Na hili ndilo lile onyo la Luther. Siwezi kuapa kwamba hofu haijawahi kumzuia mtu. Huenda imewazuia. Wala sitaki hotuba kaburini za kumsifu mtu kwa namna alivyokufa, kana kwamba ni ushujaa. Kifo cha Mwalimu hakikuwa ushujaa wala pumziko alilojichagulia, kilikuwa msiba.

Lakini itazame hiyo hofu upande wake wa pili. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka duniani. Katika kijiji chetu, baada ya mwaka 1991, familia zenye mgonjwa zilijifunza jambo moja: kuficha. Mtu akianza kusema maneno ya kutaka kufa, hapelekwi kwa mchungaji, kwa maana mchungaji ndiye hakimu. Akifa, inatangazwa kwamba aliteleza, au aliumwa ghafla. Nimezika watu wawili wa namna hiyo nikijua, nao walipigiwa kengele kwa sababu ndugu zao walijua kusema uongo vizuri kuliko mama yake Mwalimu. Basi hofu yetu haikuzuia vifo, ilizuia ukweli. Na mgonjwa aliyekwisha kusadiki kwamba Mungu amemfuta, ukimwongezea kwamba na kanisa litamfuta, umemshikilia nani? Umemthibitishia tu ugonjwa wake.

Wengine husema: "Shida ni kwamba hakupata nafasi ya kutubu." Ndugu zangu, tumewazika kwa kengele na kwaya walevi waliopinduka na pikipiki. Tumemzika kwa heshima zote mtu aliyefariki ghafla akiwa hasemeshani na kaka yake kwa miaka 6. Kama wokovu unategemea toba ya pumzi ya mwisho, kanisa zima liko hatarini. Mjane wa Mwalimu alinikabili kwa neno hili mwaka 1998, tulipokutana sokoni. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Shemeji, mlisema mume wangu alikufa bila kutubu. Miezi saba alikuwa akitubu usiku kucha, mpaka dhambi za watu wengine akazitubia. Mlitaka atubu mpaka wapi?" Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Hata hivyo sisemi kwamba mgonjwa wa akili si mtu wa kuwajibika kwa lolote, kama mti au jiwe. Huko nako ni kumdharau. Wengi wao wana siku nzuri na siku mbaya. Katika siku nzuri wanapenda, wanakosa, wanaomba radhi, na toba yao ni toba. Mgonjwa aliyemtukana mkewe akiwa na akili timamu asijifunike na cheti cha daktari. Mlevi aliyejitakia ulevi hajaepa. Ninachosema ni kwamba mizani ya jambo hili ni nyembamba mno kwa mkono wa binadamu, nayo iko kwa yeye aonaye moyoni. Bwana mwenyewe alisema aliyepewa vingi atatakwa vingi (Luka 12). Watoto wetu hatuwahesabii makosa kabla akili haijawajia, na ndiyo maana tunawangoja wakue kabla ya kipaimara. Ikiwa tunamwachia mtoto ambaye akili haijamfikia, kwa nini tusimwachie mtu mzima ambaye akili imemtoka?

Na neno hilo la aliyepewa vingi, nililolihubiri mara nyingi nikiwaelekezea wengine, siku moja lilinigeukia. Usiku ule wa Mei 1991, ndani ya usharika wetu, nani alikuwa amepewa vingi? Mwalimu alikuwa amenyang'anywa usingizi, tumaini na jina lake. Sisi tulikuwa na akili zetu timamu, tulikuwa tumelala usiku, tumekula, tulikuwa na Biblia, na hospitali ilikuwa katika milima yetu. Katika shauri lile lote walikuwamo watu walioweza kuwajibika kikamilifu mbele za Mungu, nao walikuwa wamekaa kwenye viti 9 ofisini.

Mwaka 2016 niliandika barua kuomba baraza liende kaburini kwa Mwalimu, isomwe sala na kwaya iimbe. Nilijibiwa kwa adabu kwamba mambo ya zamani yasifukuliwe. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Nilikwenda mwenyewe na mkongojo wangu, pamoja na wanakwaya watatu waliosimama pale siku ile wakiwa vijana, sasa wana mvi. Tukaimba ule wimbo. Sauti ya tatu haikuwapo, maana aliyeijua vizuri alikuwa yeye.

Hiyo haitoshi, najua. Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa mzee yeyote wa kanisa atakayesoma sura hii. Ukimwona mtu amekosa usingizi, amekata tamaa, anagawa vitu vyake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na sala msali mkiwa njiani. Akisema kwamba Mungu amemwacha, usimwulize amefanya nini; kaa naye, wala usimwache peke yake. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, atakufa kwa mkono wake mwenyewe, mpigie kengele.

Ukiitwa kwenye baraza na kuambiwa unyoshe mkono, mkumbuke yule mzee asiyejua kusoma. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa.